Mashine za Mtumba Hazijafa: Maneno kwa Wapenzi wa Kompyuta wa Dar es Salaam

Wazee wangu mliotutangulia katika fani hii, shikamooni. Kaka zangu na dada zangu, wanafunzi mliotoka Mlimani, Chang'ombe na Mbagala, na ninyi mafundi wa Kariakoo mliofunga vibanda mapema ili mfike hapa Kijitonyama kabla foleni haijashika, habari za jioni. Asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie habari za programu, pamoja na mbinu mbili tatu za kumsaidia mtu mwenye kompyuta au simu. Nitafanya hivyo, lakini habari zote nitazifunga kwenye jambo moja linaloniuma. Mji huu umejaa kompyuta nzuri ambazo watu wanaambiwa zimekwisha. Nyingine zinatupwa, nyingine zinaachwa bila ulinzi wowote huku zikishika siri za watu, mishahara ya watu na vyeti vya watu. Ninachodai ni kwamba zinaweza kuokolewa, na wa kuziokoa ni sisi tuliomo humu ndani.

Tuanze na habari kubwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, ambayo ilitoka tarehe 29 Julai 2015. Siku zile kila mtu alikuwa anauliza: je, kompyuta yangu itazima? Hazikuzima. Ukiiwasha leo inawaka, barua inaandikika, muziki unapiga. Kilichokoma ni viraka vya usalama vilivyokuwa vikishuka kila mwezi. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana wengi hawajui hali ilivyo. Kiraka cha Windows 11 kinapotolewa, wahalifu nao wanakipakua. Wanakifungua, wanalinganisha faili la zamani na jipya, wanaona ni tundu gani limezibwa. Kisha wanakwenda kulitafuta tundu hilohilo kwenye Windows 10, ambako halijazibwa. Kila mwezi unaopita, mashine isiyo na viraka inazidi kuanikwa, hata kama mwenyewe haoni tofauti yoyote kwenye kioo.

Wapo watakaosema basi watu wahamie Windows 11. Windows 11, tangu ilipotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, inadai Secure Boot, yaani ulinzi wa mashine inapowaka, RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele, ukiacha chache zilizosamehewa. Sasa zungukeni na mimi Kariakoo na Mtaa wa Samora. Laptopu ngapi za mtumba mle ni za kizazi cha tano, cha sita na cha saba? Ni mashine zilizotoka maofisini huko nje, zina bodi imara, kibodi imara, kioo kizuri. Mwanafunzi wa chuo ameinunua kwa hela alizochangiwa na wajomba watatu. Huyo unamwambia anunue nyingine?

Na kwa kuwa tumefika dukani, tukae hapo kidogo, maana hela za watu wengi zinapotea hapo. Muuzaji anapokwambia "chukua hii, ni i7, kubwa kuliko i5," usiridhike na hiyo saba. Hilo ni jina la prosesa, na namba ya kutazama ni ile inayofuata baada ya kistari. i7-6600U ni kizazi cha sita. i5-8250U ni kizazi cha nane. Hiyo i5 ya kizazi cha nane ina viini vinne vya kufanyia kazi, wakati hiyo i7 ya kizazi cha sita ina viwili tu. Ukikuta namba inaanza na 10 au 11, kama i5-10210U au i5-1135G7, hicho ni kizazi cha kumi na cha kumi na moja. Mtu mmoja akijua hilo peke yake, anaondoka dukani na mashine bora kwa bei ileile, na tena inakubali Windows 11.

Kabla hujatoa hela, omba uwashe mashine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, itakuonyesha kama chipu ya TPM ipo na ni toleo lipi. Kisha fungua cmd, lile dirisha la kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport. Mashine itatengeneza ripoti ya betri na kukuambia ilipoihifadhi. Ndani yake kuna namba mbili: uwezo ambao betri iliundwa nao, na uwezo inaofikia sasa ikijaa. Kama ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 19,000, basi hiyo betri imebakiwa na chini ya nusu ya maisha, hata muuzaji aape vipi kwamba inakaa saa tano. Mwonyeshe hiyo ripoti kwa heshima na upatane naye bei. Nimeona wauzaji wenyewe wakiomba wafundishwe amri hiyo, na wafundisheni, maana duka linalouza kwa haki linatusaidia sote.

Kwa wale ambao mashine zao zimebaki kwenye Windows 10 na hawawezi kuhama sasa hivi, upo mpango wa nyongeza wa viraka ambao Microsoft imeuweka kwa watu binafsi, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mashine iwe kwenye toleo la mwisho la Windows 10, linaloitwa 22H2. Unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya Windows Update, unajiandikisha. Unaweza kulipa dola 30, au kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au ukaupata bila kulipa endapo utakubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Usajili mmoja unaruhusu hadi kompyuta kumi kwenye akaunti hiyo. Familia yenye laptopu ya baba, ya mama na ya watoto inamalizana na jambo hili jioni moja. Lakini huu ni muda wa kujipanga tu, si makazi ya kudumu.

Kuna mtu hapa anajiuliza: nani atahangaika na kompyuta yangu ya kuchapia barua Tandika? Namjibu kwa kisa cha Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017.

Siku hiyo kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150. Kilikuwa kinasimba mafaili ya mtu yasisomeke tena, kisha kinaweka ujumbe mwekundu kwenye kioo kudai dola 300 kwa bitcoin. Uingereza, hospitali za umma zililazimika kuahirisha matibabu na kuelekeza wagonjwa kwingine. Kirusi hakikuchagua tajiri wala masikini. Hakikuhitaji mtu abonyeze chochote: kiliruka chenyewe kutoka mashine hadi mashine kupitia tundu kwenye huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili. Na tundu hilo Microsoft ilikuwa imekwisha kulitolea kiraka tarehe 14 Machi mwaka huohuo, karibu miezi miwili kabla! Sehemu kubwa kabisa ya walioumia walikuwa na Windows 7 ambazo wakati huo bado zilikuwa zinapata viraka. Dawa ilikuwepo, ila hawakuiweka. Aliyekisimamisha ni kijana wa Kiingereza mwenye miaka 22, Marcus Hutchins, ambaye alipochunguza kile kirusi aliona kinaita anwani ya mtandao isiyokuwepo, akaisajili kwa chini ya dola 11, na kikaacha kusambaa. Hakuwa na cheo serikalini. Alikuwa mchunguzi wa virusi vya kompyuta aliyejifunza mwenyewe, akifanya kazi nyumbani kwao, na alianza kama mpenzi wa kompyuta, kama ninyi.

Najua sababu inayofanya watu wa Dar wazime masasisho. Ni bando. "Fundi, nizimie hayo mambo, yananimalizia GB." Malalamiko hayo ni ya haki kabisa, na fundi anayemjibu mteja kwa dharau anakosea. Mjibu kwa ufumbuzi. Kwenye mipangilio ya mtandao, iambie Windows kwamba huo ni mtandao wa kupimwa, haitapakua mizigo mikubwa bila ruhusa yako. Halafu unaruhusu usiku, bando la usiku linapokuwa rahisi. Ofisi yenye mashine kadhaa kwenye mtandao mmoja, washeni Delivery Optimization ili mashine zipeane masasisho zenyewe kwa zenyewe badala ya kila moja kuvuta kutoka nje. Na kiraka kimoja kimoja kinapatikana kwenye tovuti ya Microsoft Update Catalog kama faili la kawaida, unalibeba kwenye flashi hadi Chamazi kwa mtu asiye na bando kabisa.

Hilo la kubeba kwenye flashi si la kizamani. Mnakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika karibu na Afrika Kusini, intaneti yetu ikawa ya kuomba Mungu kwa siku kadhaa. Ilikuwa tarehe 12 Mei, siku ileile ya WannaCry, miaka saba baadaye. Fundi aliyekuwa na masasisho na programu zake kwenye diski aliendelea na kazi.

Nije kwenye jambo ambalo najua litawagusa baadhi ya rafiki zangu mlioko humu, nami nalisema kwa upendo: programu za kukraki, yaani zilizovunjwa kufuli la leseni. Fundi anapiga Windows, anapiga Office, anaziamsha kwa kiprogramu kama KMSPico, mteja anaondoka amefurahi. Lakini kumbukeni hatua ya kwanza ya kiprogramu hicho ni ipi. Kinakwambia uzime antivirusi! Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ya Marekani ilieleza jinsi nakala za KMSPico zilivyokuwa zimefungwa pamoja na Cryptbot, programu inayoiba maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Mteja anapata Word yake, na mhalifu anapata barua pepe yake. Fikiria dada mwenye duka la nguo Sinza ambaye wateja wake wote wako kwenye ukurasa wake wa Instagram. Siku ukurasa ule unaporwa, hataijua asili yake. Atasema amerogwa na mshindani, kumbe mlango ulifunguliwa siku alipopigiwa Windows.

Na hapa Dar tulishaonyesha njia nyingine zamani sana. Mwaka 2004, pale Mlimani, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, ilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi iliyoandikwa kwa Kiswahili. Watoto wa nchi hii walikaa wakatafuta neno la Kiswahili kwa kila kitufe. Mimi najivunia jambo hilo kuliko simu yoyote mpya iliyoingia sokoni. Mrithi wa OpenOffice ni LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010, ya bure, ya halali, inafungua docx na xlsx, yaani mafaili ya Word na Excel.

Najua mtaniambia barua zikifunguliwa humo zinahama mistari, na CV ya ukurasa mmoja inakuwa miwili. Mara nyingi tatizo ni herufi tu. Hati nyingi za Word zimeandikwa kwa Calibri au Cambria, ambazo haziruhusiwi kugawiwa bure. Weka herufi za Carlito na Caladea: zimechorwa kwa vipimo vilevile vya upana, Carlito ikichukua nafasi ya Calibri, na Caladea ya Cambria. Mistari inarudi mahali pake. Mwenye stesheneri akijua hilo, nusu ya ugomvi wake na wateja unaisha.

Na tukishasema stesheneri, lazima tuzungumzie flashi. Hili nalipenda, niruhusuni nilieleze hatua kwa hatua.

Mwanafunzi amekwenda stesheneri kuchapisha ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Amechomeka flashi, amechapisha, amerudi hosteli. Akiifungua, mafolda yake yote yana kale kamshale kadogo pembeni, na kila kitu kimegeuka shotikati. Anashtuka, anadhani kazi imepotea, au mbaya zaidi, anapewa ushauri wa kuiformati. Asiformati! Mafaili yake yote yamo mle mle. Kilichofanyika ni kwamba kirusi kimeyapa mafaili sifa ya kufichwa, kisha kikatengeneza shotikati zenye majina yaleyale. Ukibonyeza shotikati, kwanza inaendesha kirusi, halafu inakufungulia folda lako ili usishuke moyo wala usishuku. Ndiyo maana kinaenea Dar nzima: mtu anaona folda limefunguka, anaendelea na maisha, na kompyuta yake imekwisha kuambukizwa.

Dawa yake ni hii. Usibonyeze shotikati hata moja. Kwenye kompyuta safi fungua cmd, na kama flashi inasomeka kama E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha bonyeza Enter. Subiri kidogo. Mafolda halisi yatajitokeza kando ya yale ya uongo. Nakili mafaili yako, futa shotikati zote pamoja na faili lolote usilolijua linaloishia na vbs au lnk. Kama una kompyuta yenye Linux, mfumo wa bure unaoendesha kompyuta badala ya Windows, ni rahisi zaidi, kwa sababu Linux haijali ile sifa ya kufichwa ya Windows. Unaona kila kitu peupe, na hicho kirusi, kwa kuwa kimeandikwa kwa ajili ya Windows, hakina pa kuanzia. Mwenye stesheneri anayeweka mashine moja ya Linux mahususi kwa kupokea flashi za wateja analinda mtaa mzima. Sisemi hivyo kwa kukuza mambo. Flashi za shule nzima zinapita pale.

Na kuna flashi za uongo, zile zilizoandikwa TB 2 zinazouzwa kwa bei ya chipsi kuku za watu wawili. Ukweli wa flashi ile uko kwenye chipu yake ndogo ya udhibiti, ambayo imefundishwa kuidanganya kompyuta. Ndani kuna GB chache tu. Unamimina picha za harusi, zinaingia zote bila malalamiko, na zikishavuka uwezo halisi zinaandikwa juu ya nyingine au zinapotelea hewani. Siku ya kuzifungua ndipo kilio kinaanza. Pakua H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux. Zote zinafanya kazi moja: zinaijaza flashi hadi mwisho, kisha zinasoma upya kilichoandikwa na kulinganisha. Inachukua muda, lakini mpiga picha anayepokea hela za watu asikubali kuitumia flashi mpya kabla ya jaribio hilo.

Sasa tuiokoe laptopu yenyewe. Kuna mambo mawili, na la kwanza ni diski. Mtu akikwambia mashine yake ni nzito, inachukua dakika nne kuwaka, kabla hujamwambia lolote kuhusu prosesa, angalia kama bado ina diski ya kuzunguka. Diski ya laptopu ya kawaida inazunguka mara 5,400 kwa dakika. Kila inapotafuta kipande cha faili, kichwa chake husogea na kusubiri sehemu ile ipite chini yake, na Windows inapowaka inatafuta maelfu ya vipande vidogo. SSD, diski ya kisasa ya chipu, haina kinachozunguka. Hata ile ya bei ndogo ya SATA inafikia MB 500 kwa sekunde, ambapo ile ya kuzunguka inahangaika kwenye mia moja na kidogo, na kwa vipande vidogo pengo ni kubwa zaidi. Ni skrubu chache na bisibisi. Hakuna kazi nyingine ya fundi inayompa mteja furaha ya namna hiyo kwa gharama hiyo. Ukishaifungua, safisha na feni, maana vumbi la mji huu likichanganyika na unyevu wa bahari linakuwa tope, na badilisha ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa.

La pili ni Linux. Kwa mtu anayetoka Windows napendekeza Linux Mint. Mint 22 ilitoka Julai 2024 na itapata viraka hadi 2029. Inataka RAM ya GB 4 ili mtu asipate shida. Faili lake ni karibu GB 3. Mmoja wetu akilipakua, anawagawia hamsini. Unaliweka kwenye flashi kwa programu ya Rufus au Ventoy, unawasha mashine kutoka kwenye flashi, na Mint inafunguka bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski. Mwache mwenye mashine aichezee. Ajaribu sauti, kamera, Wi-Fi, na hasa printa yake. Akiridhika, nakili mafaili yake yote kwenye diski ya nje, hakikisha yanafunguka, ndipo uweke.

Linux nayo ina mipaka, na mteja ana haki ya kuijua kabla hujagusa diski yake. Mhasibu anayeishi na QuickBooks ya kwenye kompyuta, au mchoraji wa ramani za nyumba anayetumia AutoCAD, msimguse. Huyo mtafutieni mashine ya kizazi cha nane. Lakini hesabuni wale ambao kompyuta kwao ni kivinjari, barua, WhatsApp, YouTube na kuchapisha. Mwalimu, katibu wa kikundi cha vikoba, muuza duka la dawa, ofisi ya msikiti, ofisi ya kanisa. Ni wengi kuliko wahasibu na wachoraji.

Simu nitazipitia haraka, ingawa najua ndizo mnazozipenda. Fungua mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, tafuta tarehe ya sasisho la usalama la Android. Kama ni ya miaka miwili iliyopita, hiyo simu usiifanye ya benki. Unaponunua mpya, uliza itapata masasisho kwa miaka mingapi. Kuna zinazoahidi miaka saba sasa, kama Pixel 8 na Galaxy S24. Bonyeza *#06# uone IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, na uilinganishe na ya kwenye boksi. Wakubwa humu mnakumbuka Juni 2016 simu bandia zilipozimwa nchi nzima, watu wameamka na simu zimekata moto mikononi. Na ukiletewa ule ujumbe wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii," cheka kwanza kama tunavyocheka wote, halafu upeleke TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwenye 15040, kwa sababu shangazi yako Mbagala ambaye kweli alikuwa na hela ya kutuma hakucheka.

Wapo wanaoogopa masasisho kwa sababu nyingine, kwamba yanaharibu. Hawaogopi bure. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, ndege zikakwama viwanjani, na mafundi duniani kote wakazunguka mashine moja baada ya nyingine kufuta faili lile kwa mkono. Kwa hiyo kwenye ofisi, weka sasisho kwenye mashine moja kwanza, liangalie siku mbili tatu, ndipo uendelee na nyingine. Kusubiri siku tatu ni busara. Kuzima masasisho miaka mitatu ni jambo jingine.

Na kwa vijana mnaojiuliza mchango wenu ni nini katika dunia hii ya programu, nawapa habari ya mhandisi wa programu aitwaye Andres Freund. Mwaka 2024 alikuwa anapima kasi ya programu nyingine kabisa, akagundua kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali, kunachelewa. Zamani ilikuwa sekunde 0.3, sasa ilikuwa 0.8. Nusu sekunde! Nani kati yetu angejali? Yeye hakulala nayo. Alichimba hadi akakuta kwamba ndani ya xz, kifurushi kidogo cha kubana mafaili kilichomo karibu kila Linux, kumepandikizwa mlango wa siri, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeupandikiza alikuwa amejenga imani kwa zaidi ya miaka miwili, akijifanya msaidizi mwema wa fundi mmoja wa Finland aliyekuwa ameelemewa na kazi ya kujitolea. Freund alitangaza tarehe 29 Machi 2024, kabla matoleo hayo hayajaingia kwenye Linux nyingi za kawaida. Seva zisizohesabika ziliponea kwenye udadisi wa mtu mmoja.

Udadisi huo mnao. Ninawaona mnavyokesha kubishana prosesa ipi kali kati ya Ryzen na Core, nani ana RAM ya ngapi, simu ipi inapiga picha usiku. Naomba sehemu ya nguvu hiyo iende mtaani kwenu. Kila mmoja achague mahali pamoja: stesheneri moja, shule moja ya kata, zahanati moja, ofisi moja ya serikali ya mtaa. Nenda kwa adabu, salimia, muulize mwenye mashine inamsumbua nini kabla hujamwambia lolote kuhusu Linux. Tazama toleo la Windows, tazama diski, tazama kama kuna nakala ya mafaili popote. Kama ni ofisi, pata ruhusa ya mkuu wake kabla hujagusa, kwa sababu mle kuna taarifa za watu na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu wao na inakuhusu na wewe. Uliyoyaona kwenye mashine ya mtu yanabaki kwenye mashine ya mtu.

Ninyi mafundi wa Kariakoo, kazi hii iwe na bei yake, kwa kuwa ndiyo riziki yenu. Andikeni ubaoni: kuweka SSD na Mint, kiasi hiki, kusafisha na kuweka viraka, kiasi hiki. Mteja anayelipia programu halali ya bure analipia ujuzi na muda wako, na hilo halina aibu yoyote.

Nimemaliza yangu. Meza ya dirishani kuna flashi za Mint na bisibisi. Meza ya pili ni ya wenye flashi zilizogeuka shotikati, dada zetu wa Mlimani wameweka mashine ya Linux hapo na watawafungulia. Wenye laptopu za Windows 10 ambao hawajajiandikisha kwenye mpango wa nyongeza, washeni mashine zenu sasa hivi, chomekeni chaji, tutapita kiti kwa kiti tukianzia nyuma. Maswali tutayajibu huku tunafanya kazi.